Skrubu Yenye Rangi Nyekundu

Jumatatu, 9 Februari

Daftari hili nimepewa na Bi Faudhia, mwenyekiti wa wakulima wa mpunga wa bondeni. Kasema niandike tarehe na neno moja tu, redio nzima au redio mbovu. Mimi sitaandika neno moja. Nimeishia darasa la nne, kalamu yangu inatembea polepole, lakini nikianza jambo nalimaliza.

Mimi ni Twalibu, fundi redio, Kasulu mjini nyuma ya soko. Mwaka ule Kibondo ilipojaa wakimbizi, redio za upepo za makambi, zile za kuitana bila waya, zilikuwa zikinyamaza wananifuata mimi, na gari linatumwa. Wenye vyeti walikuwepo. Waliofuatwa si wao.

Sasa kazi yenyewe. Kule juu Murukondo kuna nguzo imesimama ndani ya mto Nyakagezi, imechorwa alama. Mlinzi wake ni Stanislaus, anaisoma alfajiri, mchana na jioni. Maji yakifika alama ya juu anabonyeza kitufe cha kuita, na redio iliyoko kwa Bi Faudhia bondeni inapiga kengele kubwa. Redio ya bondeni haifunguki kwa kelele yoyote, inasubiri mlio wake tu, na ikiupata inajibu yenyewe kwa mlio wa kurudisha. Simu bondeni hazishiki, milima imeziba. Kutoka nguzoni mpaka mashambani maji yanatembea kama masaa mawili. Hayo masaa mawili ndiyo uhai wa watu wa bondeni, na mke wangu Zena ana shamba la mpunga huko, chini kabisa, karibu na maji.

Leo nimeitengeneza redio ya mlimani. Ilikuwa inaita mara kengele ilie, mara isilie. Ndani yake mna kijiwe cha kioo, kristali, kinatetemeka mpigo mmoja usiku na mchana na redio nzima inaufuata. Kikizeeka, mpigo unasogea. Namna yangu ni hii: nafungua stesheni kubwa ya mbali isiyodanganya masafa, nausikiliza mluzi wa mipigo miwili ikigombana, nazungusha skrubu ya kristali. Mluzi unashuka, unakuwa mngurumo, unakufa. Ukifa umefika. Wengine wanahitaji mashine. Mimi nina sikio.

Juu ya ile skrubu kiwandani waliweka tone la rangi nyekundu. Nililikwangua kwa kisu. Bi Faudhia kaniuliza kama nimegusa penye rangi, maana watu wa mradi walioleta redio walimwambia pasiguswe. Nikamwambia sijagusa, nimepuliza vumbi tu. Ningeanza kumweleza mambo ya kristali tungekesha.

Jumatano, 11 Februari

Redio imerudi mlimani. Saa saba mchana Stanislaus kabonyeza, kengele ikalia bondeni mpaka kuku wakaruka. Wanawake walipiga vigelegele. Zena hakupiga, alikuwa anapalilia, lakini nilimwona anatabasamu.

Jumapili, 15 Februari

Nzima.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo wa kwanza. Mvua. Nzima.

Jumanne, 24 Februari

Stanislaus kashuka mjini kununua chumvi, kapita kwangu. Anasema mchana redio inaita vizuri, alfajiri haiiti. Anabonyeza, hairudishi mlio. Nikamwambia huenda alfajiri bado ana usingizi, anabonyeza kitufe kingine. Kacheka kidogo, kasema, "Mzee wangu, kitufe chenyewe kiko kimoja."

Huyu Stanislaus ni Muha wa huko huko juu, mkimya, anatazama miguu yake akiongea. Sikumjali.

Ijumaa, 27 Februari

Nimepanda Murukondo mwenyewe kwa bodaboda kabla ya jua. Baridi ya kule inaingia kwenye meno. Ukungu umelala mtoni, nguzo inaonekana nusu. Tumebonyeza. Kimya. Tumebonyeza tena. Kimya.

Nikatoa bisibisi. Nikazungusha skrubu pale pale, robo kwa robo, mpaka mlio wa kurudisha ukaja na sauti ya Bi Faudhia nyuma yake ikiuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, najaribu. Stanislaus alikuwa anatazama mkono wangu wenye bisibisi.

Nimeshuka mlima nimenyooka kama kijana. Nzima.

Jumatatu, 2 Machi

Mchana haiiti. Alfajiri inaita, mchana haiiti. Stanislaus kamtuma mwenye bodaboda aniambie.

Jumatano, 4 Machi

Nimeirudisha kwenye mchana. Sasa mchana sawa. Nimekaa huko tangu jana kuhakikisha. Alfajiri haiiti.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeiweka katikati, nusu ya mchana na nusu ya alfajiri, kila upande upate kidogo. Haiiti alfajiri, haiiti mchana. Imeita saa nne asubuhi tu, kama mtumishi wa ofisini.

Naandika kama mzaha. Sicheki. Nimefanya kazi hii miaka arobaini, na kitu hiki sijawahi kukiona. Kila nikiisogeza ikae sawa, inakuwa mbaya zaidi kuliko nilivyoikuta. Mwanzo ilikuwa inakosea kidogo. Sasa baridi ikishuka inakimbia mbali kabisa.

Jumapili, 8 Machi

Nimeirudisha kwenye mchana. Nimeiacha hapo. Angalau kwa mchana ninaweza kuapa.

Bi Faudhia kaniuliza inaendaje. Nikasema nzima.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 21 Machi

Idd imepita. Zena kapika pilau, kala na majirani, halafu jioni kanipa habari kama mtu anayesema anakwenda kisimani. Mpunga umeanza kutoa masuke. Ndege wameshaujua. Wiki ijayo anahamia kwenye dungu lake shambani, lile la miti na nyasi wanalojenga juu ya nguzo nne, alale huko mpaka mavuno. Anafanya hivyo kila mwaka. Kila mwaka nilikuwa namsaidia kubeba mkeka.

Nikasema mwaka huu mvua nyingi, alale nyumbani aende asubuhi. Akanitazama. Akasema ndege wanaamka kabla ya bodaboda, na nguruwe pori hawaangalii saa. Kisha akasema, "Naogopa nini mume wangu ana kengele?"

Jumatano, 25 Machi

Zena kahama. Nimebeba mkeka.

Dungu liko hatua thelathini kutoka mtoni. Nilizihesabu wakati wa kurudi.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua siku tatu mfululizo, na ni ile ya Murukondo, inaanzia juu. Nikiwa kibandani kwangu nasikia bati linavyopigwa, nawaza juu kule inapiga mara mbili. Mteja kaleta simu ya kubadilishwa kioo, nikaigeuza geuza bila kuifungua, nikamwambia aje kesho. Hajawahi mtu kuambiwa na Twalibu aje kesho.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekwenda bondeni kumwomba Zena arudi. Nilisema mgongo unaniuma, nani atanikanda. Wanawake wa madungu ya jirani walikuwa wanasikia. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kumchukua mke wangu au nimekuja kulelewa. Wakacheka mpaka ndege wakaruka bure.

Zena hakucheka sana. Kanitenga pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu. Ulimi ulikuwa tayari. Nilikuwa nasema, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikamtazama Bi Faudhia amesimama mlangoni kwake, nikaona atakavyosimama mbele ya wakulima wote aseme fundi alikwangua rangi halafu akasema hakukwangua.

Nikamwambia hakuna kitu, mgongo tu.

Nimerudi na mgongo unauma kweli.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo mwezi wa pili ningemtukana aliyenishauri. Nimekwenda Nyarugusu kumtafuta Rodrigue.

Rodrigue ni Mkongomani, yuko kambini miaka mingi, anatengeneza redio za shirika moja humo. Ni kijana kwangu, ingawa ana mvi mbili tatu. Zamani aliwahi kuja kibandani kwangu kuazima waya wa risasi wa kulehemu, nikampa kipande kama kidole na maneno mengi. Leo kanipa kiti chake, yeye kakaa juu ya ndoo. Kaniita papa. Alinisikiliza bila kunikatiza, na mimi nilimweleza yote kama vile ni habari ya fundi mwingine, mzembe mmoja wa huko Kibondo.

Alipomaliza kusikiliza akachukua kipande cha redio mbovu chenye kristali, akakiunga kwenye mashine ya kuhesabu mpigo. Namba zikasimama. Akaweka juu yake mfuko wa maji baridi. Namba zikasogea kidogo, zikatulia. Akaondoa, akakisogezea joto la pasi ya kulehemu. Zikasogea kidogo, zikatulia.

"Sasa angalia, papa," akasema. Akazungusha skrubu, mbali, kama nilivyozungusha mimi. Akaweka mfuko wa maji baridi tena. Namba zilikimbia. Zilikimbia, hazikutulia.

Akanieleza, na mimi naandika nilivyoelewa. Kristali peke yake inayumba na joto na baridi. Kiwandani wanaiwekea vidude vidogo pembeni, baridi ikiivuta huku, vile vidude vinaivuta kule, inasimama. Lakini mizani hiyo waliipima skrubu ikiwa mahali pamoja tu, pale kwenye rangi. Ukiizungusha sana kurekebisha uzee wa kristali, unasahihisha namba ya saa hiyo, na papo hapo unavuruga ile mizani. Vidude vinavuta kiasi kile kile cha zamani, kristali sasa inahitaji kingine. Mchana kwenye bati la moto iko sawa. Alfajiri Murukondo inapotea.

Nikamuuliza dawa. Akasema skrubu irudishwe mahali ambapo baridi na joto vinapatana, yeye atapatafuta kwa mashine. Namba itakuwa na kosa, lakini kosa litakuwa lile lile asubuhi na mchana. Kisha redio ya bondeni ndiyo isogezwe ilifuate hilo kosa, kwa kitufe chake cha nje, bila kuchokonoa ndani. Nilikasirika. Miaka arobaini namwondolea mteja kosa, leo naambiwa niliache.

"Kosa yenye inasimama unaweza kuizoea, papa," akasema. "Yenye inatembea utaitafuta wapi?"

Kaniambia nilete redio zote mbili Jumamosi. Na alipokuwa ananisindikiza akasema nimsalimie yule fundi wa Kibondo, amwambie mwenye redio ukweli leo, asingoje Jumamosi. Hakunitazama alipoyasema.

Ijumaa, 3 Aprili

Ili nipeleke redio ya bondeni lazima nimwambie Bi Faudhia kwa nini. Nimefika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa na wageni.

Jumamosi, 4 Aprili

Sikwenda Nyarugusu. Mvua kubwa, barabara tope. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Jumapili, 5 Aprili

Nimepanda Murukondo na blanketi. Nimemwambia Stanislaus nitakaa naye siku chache kuchunguza redio. Kaninyooshea upande wa kitanda usiovuja. Nimejiambia maji yakipanda mchana kengele italia, na mvua nyingi huwa zinanyesha mchana. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Jumatatu, 6 Aprili

Alfajiri haikuita. Maji alama ya tatu. Alama ya juu ni ya saba.

Jumanne, 7 Aprili

Haikuita. Alama ya nne. Stanislaus kaniuliza, akitazama miguu yake, kama nimeshamwambia mama wa bondeni. Kumbe anajua tangu siku ile ya bisibisi. Nikamuuliza kwa nini hakusema yeye. Akasema, "Wewe ni mkubwa. Nilikuwa nakungoja."

Tumekubaliana tushuke pamoja Alhamisi. Nimekubali. Naandika hapa nisije nikageuka.

Ijumaa, 10 Aprili

Ya Jumatano naandika leo.

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Nilipotoka nje ya kibanda sikuhitaji taa, mto ulikuwa unasikika. Stanislaus alikuwa ameshafika nguzoni. Alirudi mbio, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kukimbia mbele yangu. Alama ya saba ilikuwa haionekani tena. Imefunikwa.

Tukabonyeza. Kimya. Nilibonyeza mpaka kidole kikaingia ganzi. Nikashika kipaza nikaita kwa jina, Faudhia, Faudhia, kama mtu anayeweza kusikia, na ninajua ile redio ya bondeni imefunga masikio mpaka mlio wake ufike sawasawa. Bondeni watu wamelala juu ya nguzo nne za miti. Zena yuko hatua thelathini.

Stanislaus akasema anashuka. Kwa tope lile ni masaa matatu kwa miguu, maji yanatumia mawili. Tulijua wote. Akaenda hivyo hivyo, peku, viatu mkononi.

Nikabaki na redio. Mkono ulienda kwenye bisibisi wenyewe. Nikaifungua redio, ncha ikagusa skrubu. Nitaizungusha wapi? Stesheni yangu ya kupimia ilikuwa haishiki, radi zinapasua kila kitu. Nikizungusha kwa kubahatisha, naweza kuipoteza hata ile sehemu moja ninayoijua, ya mchana. Nimeweka bisibisi chini.

Ndipo nikafikiri juu ya mfuko wa maji baridi wa Rodrigue. Redio hii imepotea kwa sababu ya baridi. Mchana haijapotea. Basi mimi siwezi kuipeleka redio mchana, lakini naweza kuuleta mchana kwenye redio.

Jiko la Stanislaus lilikuwa na makaa chini ya majivu, na sufuria ya maharage ya jana. Nikamwaga maharage sakafuni. Nikachemsha maji, nikajaza chupa mbili za plastiki, zikajikunja kwa moto lakini hazikutoboka. Nikazilaza pande mbili za kile kisanduku cha kristali, nikazungushia blanketi, nikalifungua koti nikaikumbatia redio tumboni kama mtoto mchanga. Nikabonyeza. Kimya. Nikahesabu mpaka thelathini, nikabonyeza. Kimya. Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua na katikati ya dua nahesabu. Nje mto ulikuwa unapitisha magogo, nasikia yanavyogongana.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi. Nilisikia mlio wa kurudisha, mdogo, umepinda. Nikaacha kuhema. Nikabonyeza tena, ukaja mzima. Kisha sauti ya Bi Faudhia, ya usingizi, nyembamba.

Nikasema, "Maji yamepita ya saba. Yana saa nzima njiani. Watoe watu, mtoe Zena."

Akaniuliza mbona saa nzima. Nikasema watoe watu. Redio ikazidi joto, sauti yake ikapinda ikapotea, na sikuweza kuirudisha tena.

Nilikaa hapo na redio kifuani mpaka jua likapanda. Sikujua kama mke wangu yuko hai. Hakuna mtu wa kuuliza. Sijawahi kuogopa hivyo, na miaka ile ya Kibondo nimeona mengi.

Jumamosi, 11 Aprili

Bondeni hakuna aliyekufa. Madungu yote ya chini yamekwenda na maji. Mpunga wa Zena umelala chini ya tope, hauonekani hata suke. Aliniambia kengele ilipolia alishuka, akarudi kuamsha jirani mzito wa masikio, na walipofika kwenye mwinuko kwa Bi Faudhia walitazama nyuma dungu halipo. Anaeleza hivyo huku anasuka nywele zake. Stanislaus aliwakuta hapo juu, miguu yake imechanika.

Wakulima wakaanza kunishukuru. Mmoja alitaka kunibeba. Nikasema wakae chini. Nikawaambia yote, kuanzia kisu na rangi, na mwezi mzima wa kusema nzima wakati daftari hili linasema mbovu, na Jumamosi ambayo sikwenda. Nikasema walikuwa na masaa mawili, mimi niliwaachia moja. Sikusema fundi wa Kibondo. Nilisema mimi.

Hakuna aliyezomea, ningependa wangezomea. Bi Faudhia akauliza redio zote mbili zipelekwe lini Nyarugusu. Zena alikuwa anatazama mto.

Alhamisi, 16 Aprili

Rodrigue kashinda siku nzima na mfuko wa maji na pasi, mpaka akapata mahali namba zinapotulia. Bi Faudhia alikuwepo, akaelezwa kila kitu yeye mwenyewe. Redio ya bondeni imesogezwa ifuate. Mimi nilishika taa.

Jumatatu, 20 Aprili

Alfajiri imeita. Mchana imeita. Jioni imeita.

Jumapili, 26 Aprili

Imeita mara tatu. Bado nikisikia mvua inaanza naamka. Kabla ya jua nakwenda kwa Bi Faudhia kukaa karibu na kengele, ananipa chai, haongei na mimi sana.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua zimeisha. Wenye mashamba ya juu wanavuna. Sisi hatuna cha kuvuna.

Zena hajanisema neno moja kwa kosa lile tangu siku ile, na hilo ndilo lililokuwa linanitesa. Leo kaniomba nimsindikize bondeni. Alikuwa na panga, akakata miti minne, akaipima kwa macho, akachagua mahali. Pale pale, hatua thelathini. Nikamwambia msimu ujao ajenge juu zaidi. Akasema mpunga wake uko hapa, ndege watakuwa hapa, na yeye atakuwa hapa.

Kisha akapima upana wa dungu kwa hatua zake, nikaona ni pana kuliko la zamani, karibu mara mbili. Nikamuuliza la nini lote hilo.

"Wewe utalala upande wa mtoni," akasema.

Nikachimba shimo la nguzo ya kwanza.